Hifadhi ya barua za chama imevurugika: nini kiokolewe kwanza?

Swali: "Chama chetu cha wakutubi kina orodha ya barua pepe tangu 2007, na barua zote huonekana kwenye tovuti kupitia Mailman 2.1. Ni kama barua elfu arobaini. Mwaka jana kijana aliyekuwa akitusaidia alifuta barua taka chache, kisha akaendesha amri ya kujenga upya hifadhi. Tangu hapo viungo tulivyoweka kwenye mihtasari ya vikao vinafungua barua nyingine kabisa. Majibu hayakai pamoja na maswali yake, 'ng'ombe' inasomeka 'ng?ombe', kuna barua zisizo na mada wala mwandishi, hakuna pa kutafutia, na wanachama kadhaa wanataka namba zao za simu ziondolewe. Sasa kampuni inayotupangishia seva inasema itaizima kwa kuwa imezeeka. Mwenzangu anapendekeza tuhifadhi kurasa zote kama PDF tuhamie WhatsApp. Kuna namna ya kuiokoa na kuiboresha hifadhi hii, au tumeshachelewa?"

Jibu:

Ndugu yangu, hamjachelewa, ilimradi seva hiyo bado inawaka. Karibu yote uliyoyataja yanatibika, kwa sababu kilichovurugika ni kurasa. Barua zenyewe huenda ziko salama mahali ambapo wengi wenu hamjawahi kupachungulia.

Mailman 2.1, programu inayoendesha orodha yenu, inapopokea barua hufanya kazi mbili. Kwanza huinakili nzima, pamoja na vichwa vyake vyote (mistari ya juu yenye mwandishi, tarehe, mada na kadhalika), mwishoni mwa faili moja refu la maandishi liitwalo mbox. Baada ya hapo sehemu yake ya ndani iitwayo Pipermail hutengeneza ukurasa wa HTML kutokana na barua hiyo, na ukurasa huo ndio mnaouona kwenye kivinjari. Njiani Pipermail hutupa mengi: vichwa vingi havionyeshwi, viambatisho hung'olewa na kuwekwa kwenye folda ya pembeni, anwani hubadilishwa sura. Kurasa zikiungua mtaoka nyingine; mbox ikipotea hakuna unga.

Ndiyo maana PDF si wazo zuri. Ukurasa uliogeuzwa PDF hauna kitambulisho cha barua, hauelezi barua ipi inajibu ipi, wala hauwezi kurudishwa kuwa barua tena. Mtakuwa na maelfu ya picha za hifadhi, na hifadhi yenyewe hamna. Kuhusu WhatsApp sina ugomvi nayo kwa mazungumzo ya leo, ila mtu atakayetaka kujua chama kiliamua nini kuhusu ada mwaka 2012 hatalipata jibu humo.

Basi kazi ya kwanza ni kuipata mbox. Kwenye seva za Linux za Debian na Ubuntu hukaa hapa, "jina" likiwa jina la orodha yenu:

/var/lib/mailman/archives/private/jina.mbox/jina.mbox

Mailman iliyosakinishwa kwa mkono huwa chini ya /usr/local/mailman. Kwenye cPanel tafuta chini ya /usr/local/cpanel/3rdparty/mailman, na huko jina la orodha huungwa na kikoa kwa mstari wa chini, kwa mfano jina_example.org. Kama hamna ruhusa ya kuingia kwenye seva yenyewe, upo mlango ambao wasimamizi wengi hawaujui: andika kwenye kivinjari anwani ya seva yenu ikifuatwa na /mailman/private/jina.mbox/jina.mbox, ingia kwa nenosiri la msimamizi wa orodha, na faili zima litaanza kushuka. Baadhi ya seva zimeufunga mlango huo. Hapo hakuna budi kumwandikia mwenye seva, tena kwa maandishi, mkimtajia njia kamili ya faili, maana ukimwambia tu "tupe hifadhi yetu" atakupa kurasa za HTML.

Pamoja na mbox chukueni vitu viwili vingine. Cha kwanza ni faili la lists/jina/config.pck, lenye wanachama na mipangilio yote. Cha pili ni folda nzima ya archives/private/jina, yenye kurasa, viambatisho na mafaili ya maandishi ya kila mwezi. Folda hii ni muhimu hata kama mbox ipo: ikiwa mpangilio wa scrub_nondigest uliwahi kuwashwa, viambatisho viling'olewa kabla barua haijaingia kwenye mbox, na vimebaki humo tu. Tengenezeni nakala tatu, moja ikae nje ya jengo na nje ya kampuni hiyo, na ziandikieni alama za sha256sum ili mjue baadaye kama faili limeguswa. Barua elfu arobaini za maandishi matupu si mzigo, zinaingia kwenye diski ya mfukoni bila taabu. Viambatisho ndivyo vinavyonenepesha faili. Na tafadhali, mtu asiifungue mbox kwa programu ya kuandikia kisha akabonyeza kuhifadhi. Programu nyingi hubadilisha usimbaji wa herufi au miisho ya mistari kimyakimya, na madhara yake mtayaona wiki kadhaa baadaye.

Ikitokea mbox haipo kabisa, yale mafaili ya kila mwezi, yenye majina kama 2011-March.txt.gz, yatawaokoa kwa sehemu kubwa. Yana mwandishi, tarehe, mada, Message-ID (kitambulisho cha barua) na vichwa vya majibu. Yanachokosa ni alama ya @ katika anwani, iliyogeuzwa neno "at", na viambatisho, ambavyo vimeachiwa kiungo tu.

Sasa hesabuni, kwenye nakala na si kwenye faili la asili:

grep -c '^From ' jina.mbox
grep -ci '^Message-ID:' jina.mbox

Amri ya kwanza huhesabu mipaka ya barua, ya pili vitambulisho. Namba hizi mbili zinapaswa kukaribiana. Ya pili inaweza kuzidi kidogo kwa sababu barua iliyoambatishwa ndani ya nyingine nayo ina kitambulisho chake. Ya kwanza ikizidi, mmempata mzazi wa zile barua zisizo na mada wala mwandishi. Katika mbox, mpaka kati ya barua na barua ni mstari unaoanza na neno From na nafasi baada yake. Alama nyingine ya mpaka hakuna. Mwanachama akiandika katikati ya barua yake mstari kama "From Dar to Dodoma we shall travel by bus", na programu iliyohifadhi barua hiyo isiweke alama ya > mbele ya mstari huo, Pipermail huamini kwamba barua mpya imeanza. Barua moja hugeuka mbili, ya pili ikiwa haina mada, haina mwandishi, na mara nyingi ina tarehe ya siku mliyojenga upya. Mailman ina dawa ya hili:

bin/cleanarch < jina.mbox > jina-safi.mbox

Amri hii huchunguza kama kila mstari wa From una sura ya mpaka halisi, yaani una tarehe inayosomeka na unafuatwa na vichwa. Usiofanana na mpaka huwekewa >. Hesabuni tena baada yake, kisha mfungue barua chache zilizokuwa zimekatika mhakikishe zimeungana.

Hapo ndipo tunafika kwenye viungo vilivyohama. Pipermail huipa kila barua nambari kwa kufuata ilivyopangwa ndani ya mbox: 004512.html ni barua iliyofika zamu ya nambari hiyo, basi. Mtu anapoendesha bin/arch --wipe, amri ya kujenga upya hifadhi, kurasa zote hufutwa na kuhesabiwa upya kutoka mwanzo. Kama barua tatu za taka za mwaka 2009 zimeondolewa, kila barua iliyofuata imerudi nyuma kwa nafasi tatu. Na kama kuna mistari ya From iliyokatwa vibaya, baadhi zimesogea mbele. Kijana wenu hakukosea kuchukia barua taka. Kosa lilikuwa kuzing'oa kabisa kutoka kwenye mbox. Barua isiyotakiwa huachwa mahali pake, na mstari wake wa From, Message-ID na Date, ila mwili wake hubadilishwa kwa sentensi moja: "Barua hii imeondolewa na wasimamizi." Hesabu haitikisiki.

Nambari za zamani zinaweza kurudishwa. Muulizeni mwenye seva kama ana nakala ya akiba ya kabla ya siku ile. Kama hana, nendeni Wayback Machine ya Internet Archive, web.archive.org, mkaweke anwani ya hifadhi yenu. Kwa hifadhi iliyokuwa wazi kwa umma kuna matumaini makubwa kwamba baadhi ya kurasa za zamani zilinakiliwa. Kila ukurasa wa Pipermail unaonyesha jina la mwandishi, tarehe hadi sekunde, na mada. Vitu hivi vitatu vikikaa pamoja vinatosha kuitambua barua ileile ndani ya mbox na kuchukua Message-ID yake. Hamhitaji kupata kila ukurasa. Mpishano wa nambari haubadiliki kati ya sehemu moja iliyofutwa na nyingine, kwa hiyo mkijua kwamba ukurasa wa Machi 2011 na ule wa Juni 2011 yote imepishana kwa tatu, zilizo katikati nazo zimepishana kwa tatu. Mwishoni mtakuwa na jedwali lenye safu mbili: njia ya zamani ya ukurasa, na Message-ID ya barua. Jedwali hilo ndilo seva ya wavuti italitumia kuwaelekeza wageni kwa jibu la 301 (ishara ya wavuti kwamba ukurasa umehama) kwenda kwenye ukurasa sahihi.

Kuna mtego hapa. Viungo vilivyowekwa baada ya kujenga upya navyo vinatumia nambari mpya, kwa hiyo anwani moja ina maana mbili kutegemea iliandikwa lini. Mimi ningeyapa haki maana ya zamani, kwa kuwa mihtasari ya miaka kumi na kitu ina viungo vingi kuliko ya mwaka mmoja, na pale penye utata mkubwa ningeweka ukurasa mfupi unaoonyesha barua zote mbili msomaji achague.

Lakini msijenge tena juu ya nambari. Message-ID ni kitambulisho ambacho programu ya mwandishi huiandikia barua siku inapotumwa. Kimo ndani ya barua, kimo kwenye kisanduku cha kila mwanachama aliyeipokea, na hakitegemei seva gani inaionyesha. Anwani ya ukurasa ikitokana nacho, mnaweza kuhama seva, kujenga upya au kubadilisha programu, na anwani ikabaki ileile. Wanaotengeneza kiini cha Linux walijifunza hili kwa uchungu: viungo vingi walivyoviandika vilielekea Gmane, hifadhi kubwa ya orodha za barua pepe iliyotumia nambari zake yenyewe, na mwaka 2016 kurasa zake za wavuti zikazimika. Leo hutumia lore.kernel.org, iliyoanza 2018, na ndani ya kila anwani yake imo Message-ID. Hata tovuti hiyo ikitoweka, anwani yenyewe bado inakuambia utafute barua ipi kwenye nakala yoyote iliyobaki.

Kuhusu majibu kutokaa na maswali: watu wengi hudhani barua huunganishwa kwa mada. Sivyo, au si hasa. Mtu anapobonyeza kujibu, programu yake huandika kwenye barua mpya kichwa cha In-Reply-To chenye Message-ID ya barua anayoijibu, na kichwa cha References chenye ukoo mzima tangu barua ya kwanza. Programu nzuri ya hifadhi husoma References, hujenga mti, na kama barua ya katikati haipo huiachia nafasi tupu ili watoto wake wasitawanyike. Mada hutumika mwishoni kabisa, kwa barua zilizokosa vichwa hivyo. Pipermail hufanya kitu cha kipekee na cha kuudhi: hugawa kila kitu kwa miezi. Swali la tarehe 30 na jibu la tarehe 2 huishia kwenye folda mbili zisizofahamiana. Ukiingiza mbox ileile kwenye programu isiyogawa hivyo, sehemu kubwa ya nyuzi zenu, yaani barua na majibu yake, zitaungana zenyewe bila ninyi kugusa lolote.

Zitabaki zilizovunjika kwa makosa ya watu. Wanaopokea muhtasari wa siku wakiujibu, In-Reply-To yao huelekea kwenye muhtasari, ambao haumo kwenye hifadhi; mtazitambua kwa mada kama "Re: Jina Digest, Vol 12, Issue 4". Wengine hufungua barua yoyote ya zamani, hubonyeza kujibu, hufuta mada na kuandika jambo jipya, basi tangazo la msiba linajikuta chini ya mjadala wa bajeti. HyperKitty, programu ya hifadhi inayokuja na Mailman 3, humruhusu msimamizi kuuhamisha uzi na kuuweka pake kwa mkono. Msifanye hivyo kwa barua zote elfu arobaini. Shughulikieni mijadala mnayoirejea mara kwa mara.

Suala la ng'ombe lina sababu mbili zinazofanana kwa sura tu, nanyi mna ya kwanza. Simu na programu za kuandikia hugeuza alama ya ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Alama iliyopinda haimo kwenye ASCII, orodha ya zamani ya herufi za Kiingereza, na Mailman 2.1 huichukulia lugha ya Kiingereza kuwa ya us-ascii, hivyo herufi isiyomo huandikwa alama ya kuuliza. Kwa Kiswahili, ambacho karibu hakina herufi nyingine nje ya ASCII, ni ng' inayoumia, na majina ya wenzetu wenye herufi za Kifaransa. Tiba, kama mnajenga kurasa za Pipermail mara ya mwisho, ni mstari huu kwenye mm_cfg.py, faili la mipangilio ya Mailman:

add_language('en', 'English', 'utf-8', 'ltr')

Sababu ya pili ni "ngâ€™ombe". Hapo herufi haikupotea. Baiti tatu za UTF-8, E2 80 99, zimesomwa kana kwamba ni Windows-1252, usimbaji wa zamani wa herufi. Hutokea pale barua ilipotangaza usimbaji usio wake. Ipo na dada yake: barua zilizotangaza ISO-8859-1 huku zikitumia baiti 92, ambayo ni ritifaa iliyopinda katika Windows-1252. Vivinjari huichukulia ISO-8859-1 kuwa Windows-1252, na mnapoandika hati ya kubadilisha barua zenu fanyeni vivyo hivyo. Yote haya yarekebishwe kwenye kurasa au kwenye hifadhidata mpya. Mbox ya asili iacheni na baiti zake jinsi zilivyokuja.

Kutafuta kunahitaji maneno zaidi, kwa kuwa programu nyingi hazikutengenezwa na mtu aliyekifikiria Kiswahili. Injini za utafutaji hupunguza maneno hadi shina kwa kukata mwisho, kama Kiingereza kinavyotaka. Kiswahili hubadilika hasa mwanzoni: mwalimu, walimu, ualimu, kitabu, vitabu, alisoma, tunasoma, haikusomwa. Ukatishaji wa Kiingereza hauwadhuru sana, ila hauwasaidii, na mwanachama akiandika "kitabu" hatapata barua zinazosema "vitabu". Kwenye HyperKitty mkitumia injini ya utafutaji ya Xapian, mpangilio wa HAYSTACK_XAPIAN_LANGUAGE huanza na Kiingereza. Uwekeni none ili maneno yahifadhiwe kama yalivyoandikwa. Kisha, karibu na kisanduku cha kutafutia, andikeni maelekezo ya mstari mmoja: jaribu umoja na wingi pamoja, kwa mfano kitabu OR vitabu. Ni tiba ya bei rahisi na inafanya kazi.

Tiba bora zaidi inataka mtengeneza programu. Hifadhidata ya PostgreSQL ina nyongeza iitwayo pg_trgm, inayovunja maneno vipande vya herufi tatu tatu. Ukiwa nayo, kutafuta '%tabu%' kunakuwa kwa haraka na kunaleta kitabu, vitabu, kitabuni na vitabuvyo vya waandishi wasioacha nafasi. Italeta pia "tabu" ya shida, ila "taabu" hapana, maana a ni mbili. Kwa hifadhi ya ukubwa wenu, matokeo yaliyozidi kidogo ni heri kuliko barua isiyopatikana.

Kuhusu namba za simu, naomba tuelewane kwanza juu ya imani mbili zisizo za kweli. Kuandika "fulani at example.org" hakufichi anwani, ni uingizaji mmoja tu wa neno, na roboti za kukusanya anwani hulirudisha bila jasho. Na kufuta ukurasa wa HTML hakufuti barua: bado iko kwenye mbox, kwenye faili la mwezi, kwenye majibu yaliyoinukuu, na kwenye visanduku vya wanachama wote. Siku mkijenga upya itafufuka. Namba za simu zilizo kwenye sahihi za barua zina hatari kubwa kuliko anwani, kwa sababu ndizo hizo za M-Pesa na ndizo matapeli wanazozitaka. Ni haki kuziondoa.

Ila msizitafute kwa grep tu. Barua nyingi mwili wake umesimbwa kwa base64, na ndani ya base64 namba haionekani kabisa. Tumieni moduli ya mailbox ya Python, ifungue kila sehemu ya barua, ndipo mtafute miundo ya +255, +254, 07 na 06. Hifadhini mbox ya asili mahali pasipofikiwa na umma, na mtengeneze nyingine ya kuonyeshwa, ambamo namba zimefunikwa na vitambulisho vimebaki. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mkipata ombi rasmi linalotaja sheria, au barua yenye habari za afya, mtoto au kesi, mpelekeeni wakili kabla ya kujibu.

Basi mhamie wapi? Mailman 2.1 hutegemea Python 2, ambayo msaada wake ulikoma 1 Januari 2020, kwa hiyo kampuni yenu ina haki ya kutaka kuizima. Kama orodha bado iko hai, Mailman 3 pamoja na HyperKitty ndiyo njia iliyonyooka. Mipangilio na wanachama huingizwa kwa mailman import21, na barua kwa hyperkitty_import. Anwani ya kila barua hutokana na Message-ID iliyopitishwa kwenye SHA-1 na kuandikwa kwa base32, herufi 32, kwa hiyo mkiingiza mara mbili mnapata anwani zilezile. Kabla ya kuingiza, endesheni check_hk_import iwaonyeshe barua zenye kasoro. Mtego ulioangusha wengi: kama orodha mpya imeshapokea barua hata chache, hyperkitty_import huruka zilizo za zamani, na mtu hudhani kazi imekamilika. Ipeni amri hiyo --since na tarehe iliyotangulia barua yenu ya kwanza. Baada yake endesheni update_index_one_list, la sivyo kutafuta hakutaona kitu.

Ubaya wa HyperKitty ni uzito. Inataka hifadhidata, inataka mtu wa kuisasisha, na siwashauri kuiweka kwenye seva yenye RAM chini ya gigabaiti 2. Kila ukurasa hutengenezwa unapoombwa, na roboti za kukusanya maandishi siku hizi hazina adabu. Wekeni kikomo cha maombi kwenye nginx, programu ya seva ya wavuti, tangu siku ya kwanza.

public-inbox, programu nyingine ya hifadhi, ni nyepesi, huhifadhi barua kwenye git (mfumo wa kutunza historia ya mafaili), kila mtu anaweza kuchukua nakala kamili, na hutafuta vizuri. Sura yake ni kavu, maandishi matupu, na wakutubi wenu huenda wakainunia. Pia kufuta barua humo ni kuandika upya historia ya git, jambo ambalo linawezekana kwa public-inbox-purge lakini si la kila wiki. Kwa chama chenye maombi ya faragha ningesita.

Kama orodha inafungwa, msihangaike na hayo. Kurasa za Pipermail ni mafaili tu, seva yoyote ya wavuti huzionyesha bila Mailman. Zijengeni mara ya mwisho kutokana na mbox iliyosafishwa, muongeze programu ya Pagefind kwa ajili ya kutafuta, na mtu asiguse tena. Huduma ya watu wengine, kama Groups.io au The Mail Archive, inafaa kuwa nakala ya pili. Isiwe ya pekee: Oktoba 2019 Yahoo ilitangaza kufuta yaliyokuwemo kwenye Yahoo Groups, na 15 Desemba 2020 huduma nzima ikazimwa, pamoja na mijadala ya vyama ambavyo havikuwahi kushika mbox yao wenyewe.

Kwa hali yenu ningechagua Mailman 3 kwa barua mpya na za zamani, pamoja na lile jedwali la kuelekeza njia za /pipermail/ kwenda HyperKitty.

Kazi ya kunakili, kuhesabu na kulinganisha mnaweza kuifanya wenyewe mezani. Tafuteni mtu wa seva akae nanyi ana kwa ana kama mbox inasomeka nusu kisha inakatika, kama diski ya seva inatoa makosa (hapo acheni kuandika chochote juu yake, nakilini tu), kama mnaona mafaili msiyoyajua ndani ya folda za Mailman, au mkifika kwenye kuhamisha rekodi za MX na SPF za kikoa (zinazosema barua ziende seva ipi na nani anaruhusiwa kuzituma), maana kosa la hapo huzuia barua za chama kizima. Chuo kilicho karibu chenye idara ya TEHAMA mara nyingi kina mtu aliyewahi kuendesha Mailman.

Na leo, kabla ya jambo lolote, iandikieni kampuni hiyo mkiuliza vitu vitatu: tarehe kamili ya kuzima, kama wana nakala ya akiba ya kabla ya hifadhi kujengwa upya, na kama baada ya kuzima wataendelea kuelekeza anwani ya zamani kwenye seva mpya au jina la kikoa liko mikononi mwenu. Likiwa mikononi mwao, ombeni uhamisho wake sasa hivi, kwa sababu bila jina hilo hata jedwali zuri kiasi gani halitakuwa na pa kukaa.